Jeti ya Kushukia

Nyumbani, mjini
3 Juni

Kwa mkwe wangu mheshimiwa, mkuu wa walinzi wa kiwanda cha mbao,

Naitanguliza salamu hii kama mtu anayebisha hodi mlangoni pa watu wazima, nikitumaini kwamba itakukuta mzima wa afya, wewe na binti yangu na wote walio chini ya ulinzi wako. Mimi ni mzima, kwa kadiri mgane wa umri wangu anavyoweza kuwa mzima.

Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua yako ilinikuta na mafua, kisha mashine yangu ya kutobolea ikavunja biti, nami sikuona adabu kukuletea maneno matupu pasipo chuma ulichokiomba.

Uliuliza kwa nini pikipiki yako ya magurudumu manne, inayokwenda vizuri hapo kiwandani, hukohoa, hutoa moshi mweusi na kuzimika unapoikaribia shingo ya mlima, pale barabara inapovukia upande wa pili. Mashine haina kosa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua, lakini kabureta haina habari. Inaendelea kumimina petroli ile ile. Injini inakuwa kama mtu anayelishwa kwa nguvu huku amezibwa pua.

Dawa yake ni jeti, yaani kile kiskrubu kidogo cha shaba chenye tundu ambamo petroli hupita. Nimekutobolea yenye tundu dogo zaidi. Pamoja nayo utaikuta nyingine, iliyofungwa kwa waya: hiyo ni ya kushukia. Tafadhali ifunge kwenye usukani kwa waya wake. Ndivyo tulivyofundishwa na Bruda wa karakana ya misheni, kwamba hakuna mashine inayotoka karakanani kupanda mlima bila kubeba jeti ya kushukia. Injini yako hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ukipunguza petroli, umepunguza na oili. Huko juu haidhuru. Ukiteremka nayo hadi kwenye hewa nzito, pistoni huchemka, huishika silinda, na magurudumu ya nyuma hufunga papo hapo, hata kama uko katikati ya mteremko. Niwie radhi kwa kukuhubiria.

Msalimie binti yangu. Tangu mama yake atutoke, barua zake ndizo zilizokuwa redio yangu, na sasa redio imenyamaza. Mwambie Sindano (jina nililompa alipokuwa mwembamba hivyo, akishinda chini ya benchi langu akipanga plagi) kwamba simlaumu. Najua mke wa mtu ana kazi.

Kifurushi na barua hii vinaletwa na dereva wa lori la mbao, yule bwana anayecheka kabla ya kusalimia.

Ni mimi baba mkwe wako,
fundi mstaafu

*

Kiwandani
14 Juni

Baba Mkwe, shikamoo!

Chuma kimefika. Mzee wangu, wewe ni mchawi! Mashine sasa inapanda kama ina shetani. Imebaki ile sehemu ya mwisho tu, chini ya shingo yenyewe, ndipo inapoanza tena kukohoa kama bibi kizee. Nataka jeti ndogo zaidi ya hiyo.

Na ile habari ya kufungua na kufunga kila nikishuka, hapana Mzee. Mimi si mtawa. Nimeshuka na jeti ya juu mpaka hapa kiwandani mara kibao, haijafanya kitu. Waya wako nimemfungia mbwa, hiyo ya kushukia sijui iko wapi. Nitumie moja tu, ya juu kabisa, inifikishe.

Unajua huku nina panya. Wapasua mbao wakichoka na kazi hawaagi, wanapitia shingoni, na wakishavuka upande wa pili wameniponyoka. Bosi ananiuliza mimi. Sasa panya tumewapatia paka.

Mke wangu anakusalimu sana. Jino linamsumbua, uso umevimba, hawezi kukaa akaandika. Si unawajua wanawake na meno yao.

Mkweo,
Afande

*

Kiwandani
20 Juni

Baba, shikamoo.

Naandikia stoo, juu ya gunia la misumari. Dereva yuko nje anajifanya anafungua tairi. Simu yangu Afande aliipasua kwa nyundo, kwa hiyo usinipigie tena, utakuwa unapigia takataka.

Si jino, Baba. Ni taya. Alinipiga na kitako cha bunduki kwa sababu nilicheka na mpishi. Hata sikumbuki tulicheka nini.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya taya. Nakuandikia kwa ajili ya ile jeti. Kulikuwa na mpasua mbao mmoja, mtu mzima, ana mke na watoto. Mshahara wake ulizuiwa akaamua kurudi kwao kwa kupitia shingoni. Wengi walishapita. Mashine ilikuwa inamzimikia Afande pale juu, na wao wanamzomea kutoka kwenye mawe, "Sukuma, Afande! Sukuma!" Safari hii haikuzima mapema. Ilimkuta yule bwana kabla hajafika kwenye mawe.

Alimfunga mnyororo wa magogo kiunoni, akamburuta mpaka uwanjani. Tulitolewa wote tukapangwa mstari, hata sisi wanawake. Afande akazunguka naye uwanja mzima, akasimama mbele yetu, akauliza, "Nani mwingine anataka lifti?" Walinzi wakacheka. Mgongo wa yule mtu ulikuwa umebaki njiani, Baba. Alikuwa anaita jina la mkewe kama vile yuko chumba cha pili. Alifia kwenye turubai, lori likisubiri ruhusa ya kushuka.

Afande akaja ndani, akanawa mikono kwenye karai langu la vyombo. Akaniambia, "Mwambie baba yako ni fundi kwelikweli."

Mimi naondoka. Geti la chini ni la walinzi wake, siwezi. Nitapitia shingoni kwa miguu, mvua ikikatika. Upande wa pili barabara inateremka moja kwa moja mpaka bonde la joto, kwa mama mdogo. Maadamu mashine inakohoa pale mwisho, nikishayafikia mawe hanipati.

Usimtumie kitu, Baba. Hata skrubu.

Wako,
Sindano

*

Nyumbani
27 Juni

Binti yangu Sindano,

Marahaba, mama. Niwie radhi kwamba jibu limekawia. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipotaka kukaa sikukiona kiti, ingawa kiko mahali pake tangu ulipozaliwa.

Nilimsifu mtu huyo mbele ya wageni. Nilimwita mwanangu. Chuma kilichomfikisha kwa yule marehemu nilikipuliza vumbi kwa pumzi yangu mwenyewe, nikakifunga kwenye pamba kisije kikakwaruzika.

Nimefanya jambo ambalo nilidhani ndilo sahihi. Nilivaa koti la kanisani, nikaenda kituo cha polisi. Sajini wa zamu alinisikiliza huku akichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Mzee, huyo bwana amemwoa binti yako au hajamwoa?"

"Amemwoa, afande."

"Basi. Ulishampa. Ukimpa mtu baiskeli, unamfuata nyuma kuangalia anavyoiendesha?"

Mwenzake kwenye benchi alicheka hadi akapaliwa. Nikasema kuna mtu aliyeuawa.

"Mwili uko wapi?"

"Sijui, afande."

"Ulete mwili, tutaandika. Hatuandiki hadithi hapa."

Nikawaomba radhi kwa kuwapotezea muda. Nilipofika barabarani ndipo nilipotambua nilichokisema, nikasimama katikati ya magari kama mwehu, hadi mama mmoja akanishika mkono akanivusha.

Sitatuma kitu. Vaa viatu vya kufunga kamba. Usibebe mzigo. Barua hii anayo yule dereva, ndani ya soksi.

Baba yako

*

Kiwandani
5 Julai

Baba Mkwe,

Nasikia siku hizi unavaa koti unatembelea vituo vya polisi. Ungeniambia, Mzee, ningekutafutia usafiri. Yule sajini tulikaa naye kambi moja. Alinipigia siku hiyo hiyo, tukacheka sana. Anasema uliwaomba radhi!

Sikuchukii. Wewe ni mzazi. Ila nimekaa nasubiri jeti yangu, siku zinakwenda, jeti haiji, nikajiuliza, huyu mzee mbona alikuwa hodari na sasa mikono imekufa ganzi? Nani kamwandikia? Nikamwuliza mke wangu kwa upole. Nikauweka mkono wake wa kulia kwenye jiriwa ya karakana, ile ya kubania vyuma. Wewe unaijua, ukizungusha kidogo tu kitu hakichezi.

Kimevunjika kidole kimoja, cha shahada, ndicho anachoandikia. Vingine vizima. Vinasubiri jeti kama mimi.

Moja tu. Ya juu kabisa. Mashine ivuke shingo bila kukohoa. Panya wameanza kuchungulia tena.

Afande

*

Nyumbani
9 Julai

Kwa mkwe wangu mheshimiwa,

Salamu kwako. Niwie radhi kwa kukuweka unasubiri, na niwie radhi kwa safari yangu ya kituo cha polisi, ambayo haikuwa na adabu wala faida. Mzee akikaa peke yake hupatwa na mawazo. Nakushukuru kwa kunirudisha kwenye kazi yangu.

Ndani ya pamba utaikuta jeti uliyoiomba. Nimeitoboa kwa biti nyembamba kuliko zote nilizo nazo, nikaisugua ndani kwa uzi ili petroli ipite bila kusita. Ni ndogo hata kuliko ulivyotaka. Fungua bakuli la kabureta, toa ile ya zamani, ingiza hii kwa mkono kwanza kisha kaza kidogo kwa bisibisi. Halafu vuta ile sindano ya kabureta iliyo juu, uihamishe klipu yake hadi kwenye mkato wa juu kabisa. Hapo sindano itakuwa imeshuka na petroli itazidi kupungua. Hapo kiwandani utaiona nyepesi mno, inalia kwa sauti ya juu. Usijali. Plagi ikitoka nyeupe usishtuke. Ndivyo inavyokuwa kwenye hewa nyembamba.

Itavuka shingo bila kukohoa hata mara moja. Hilo nakuhakikishia kwa umri wangu wote wa kazi.

Ya pili sikuiweka, kwa kuwa ulisema hutaki kufungua na kufunga. Umesema moja, nimetuma moja. Itakufikisha.

Nakuomba kwa heshima zote uviache vile vidole vilivyobaki.

Mchukuaji ni dereva mwingine wa lori la mbao, kwa kuwa yule wetu bado hajashuka. Nimemsihi asisimame popote.

Ni mimi baba mkwe wako,
fundi

*

Kiwandani
8 Julai

Baba,

Samahani kwa mwandiko, natumia mkono wa kushoto na dereva anasema fanya haraka mama.

Safari ya miguu haipo tena. Siku aliyonitoa kwenye jiriwa nilimtemea mate, akanipiga teke la mbavu, na sasa nikivuta pumzi kitu kinanichoma humu ndani. Kupanda mpaka shingoni kwa miguu siwezi hata nikipewa siku nzima.

Kwa hiyo nimebadili mpango. Nitaiba mashine yenyewe. Jumapili bosi anakuja geti la chini, Afande lazima ashuke kumpokea na lile gari la kiwanda. Ufunguo wa pikipiki anauweka juu ya kabati la sahani, anadhani mimi ni mfupi. Hapo awali nilikuambia usitume kitu. Sasa tuma, Baba! Tuma hiyo ndogo anayoitaka. Aifunge mwenyewe, aijaribu mwenyewe, ajisifu, halafu Jumapili nivuke nayo mimi. Nikifika juu nateremka bila kusimama mpaka kwa mama mdogo.

Usicheke, nimeshaanza kufurahi.

Sindano

*

(Barua hii ilirudi bila kufunguliwa. Dereva alizuiwa getini.)

Nyumbani
11 Julai

Sindano,

USIIPANDE ILE MASHINE.

Barua yako ya tarehe 8 imenifikia leo, na kifurushi kilikwishaondoka juzi. Mwanangu, jeti hiyo sikuitoboa kwa ajili ya safari yako. Itakuvusha shingo vizuri kabisa, na ukianza kuteremka upande wa bonde itakushika. Kona za upande ule hazina ukingo, nazijua. Ivunje, itie mchanga, iache. Jifiche chini ya magogo ya lori. Fanya lolote lile, usiteremke nayo.

Niwie radhi. Sijui kuandika haraka. Usiipande.

Baba

*

Mahabusu, mji wa bondeni
22 Julai

Baba, shikamoo.

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Nina mbavu mbili zilizofungwa bandeji na kidole kilichonyooshwa na daktari wa hapa, mama mmoja mkali, alimtukana askari aliyetaka kunifunga pingu juu ya bandeji.

Sikia ilivyokuwa, halafu uifute kichwani.

Jumapili alishuka getini kama nilivyosema. Nikachukua ufunguo, nikawasha. Mlinzi mmoja akaniona akadhani nimetumwa, akanipigia saluti. Mashine ilipanda, Baba, ilipanda mpaka nikaona aibu, maana nilikuwa naimba na mbavu zinauma. Pale inapokohoaga haikukohoa. Nilisimama katikati ya shingo. Mbele yangu bonde lote, na joto lake linakuja usoni.

Nikapeleka mkono kwenye usukani kutafuta waya.

Ulinilea chini ya benchi lile. Sijawahi kuona unatuma jeti ya juu bila kufunga na ya kushukia. Hata kwa wale wasiosema asante. Nikasema labda Afande ameitupa tena. Nikafungua plagi kwa kuizungushia nguo, mkono wa kushoto, meno yananisaidia. Nyeupe kama chaki. Na klipu, juu kabisa. Wewe huwezi kukosea hivyo hata ukiwa umelala. Nikakaa chini kwenye mawe, nikajua hii imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, na nikajua nani kaitengeneza. Nililia kidogo. Si kwa huzuni.

Nikairudisha plagi. Nikaiegesha ikitazama bondeni. Ufunguo ningeweza kuutupa kwenye mawe, ukapotea mpaka kiama. Nikauacha mahali pake. Hilo ni langu, Baba, usinichukulie.

Nikashuka kwa miguu, nikiegemea mawe ya pembeni. Afande na walinzi wake walikuja na trekta la magogo mpaka liliposhindwa, halafu kwa miguu. Nikamsikia anacheka. "Imemzimikia! Mzee kanitengenezea mimi, bintiye imemkataa!" Mlinzi mmoja akamwambia, "Afande, tuite watu wa bonde wamkamate, huku si eneo letu." Akamjibu, "Mke wangu ana eneo?" Nikasikia anaiwasha. Iliitika mara moja.

Nilijibana nyuma ya jiwe. Akapita karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sigara. Mnyororo ulikuwa unaburuta nyuma yake barabarani, na anaita kama mtu anayemchezea mtoto, "Sindano! Sindanooo! Njoo nikutie uzi!" Akazidi kushuka, na sauti ya injini ikazidi kuwa nyembamba, nyembamba, mpaka ikawa kama inauliza kitu. Halafu ikakatika. Haikuzima, ilikatika, kama mlango ukibamizwa. Halafu nikasikia chuma kinabiringika.

Njia ni moja, ilinibidi nipite. Mashine ilikuwa imemlalia kifuani chini ya kona, mguu mmoja umegeukia usikopaswa kugeukia, na mnyororo umemzunguka shingo. Alikuwa anatoa mapovu mekundu. Aliniona. Akasema, "Inua." Hata tafadhali hakuna. Nikamwonyesha mkono wangu wa kulia ulivyovimba, nikamwuliza, "Na huu?" Akasema tena, "Inua, wewe mwanamke!" Nikapita. Nilimsikia akiniita mpaka kona ya pili. Kona ya tatu alikuwa amenyamaza.

Polisi walinichukua kwa mama mdogo. Wana fundi wao hapa, amefungua kabureta, amewaambia hii imechezewa. Nimewaambia ndiyo, ni mimi, nimekulia karakanani, nimeitoboa mwenyewe. Wameandika. Kwa hiyo imekwisha, Baba. Choma barua zangu zote, na zake. Kaa nyumbani, kunywa chai yako. Wakija kukuuliza, wewe ni mzee, husikii vizuri, hujui kitu.

Ukinipenda utanitii mara hii moja.

Binti yako,
Sindano

*

Nyumbani
26 Julai

Binti yangu,

Marahaba, na ashukuriwe Mungu kwa neno lako la kwanza, ambalo nimelisoma mara nyingi kabla ya kuthubutu kwenda kwenye la pili.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilikuja jana, nami nilihitaji usiku mzima kujifunza namna ya kutokukutii, kwa kuwa sina mazoea. Mama yako angekwambia kwamba katika nyumba hii wewe ndiye uliyekuwa ukitoa amri tangu ulipoota meno.

Nianze na lile la kazi. Uongo wako una kasoro. Umewaambia uliitoboa mwenyewe, nao wanacho cheti cha daktari kinachosema kidole chako cha shahada kilikuwa kimevunjika kabla ya Jumapili ile. Biti niliyoitumia haishikiki na mkono wa kushoto wa mtu mwenye mbavu zilizovunjika. Mimi mwenyewe, mwenye mikono yote miwili, nilishika pumzi. Isitoshe, hapo kiwandani hakuna biti ya ukubwa huo. Fundi wao akikuuliza umeipata wapi, utasema nini? Ulikuwa hodari wa kupanga plagi, mwanangu, lakini kutoboa sikukufundisha. Nilikuwa nikiogopa macho yako yasiingiwe na vumbi la shaba.

Sasa nije kwa lililo zito. Unasema ufunguo ni wako nisikuchukulie. Sawa, ubaki nao. Hakuna sheria inayomtaka mke aliyepigwa aufiche ufunguo asipigwe zaidi. Lakini mtu yule hakufa kwa ufunguo. Alikufa kwa sababu niliketi mezani pangu, mchana, miwani imesafishwa, nikamwandikia asishtuke akiiona plagi nyeupe. Nilijua inaashiria nini, kwamba injini inaungua kwa kukosa petroli na oili. Nilijua anakokwenda. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Barua yake ya jiriwa ninayo, na sikuichoma, kwa sababu hakimu akiisoma atajua wewe ulikuwa ukimkimbia nani. Na atakayeikuta barua yangu katika vitu vyake ataujua mwandiko wangu.

Maisha yangu yote nimeomba radhi, Sindano. Nimeomba kwa kuchelewa, kwa mafua, kwa kukohoa kanisani. Nimewaomba radhi askari waliokucheka. Kwa kifo cha mumeo nimejaribu kuomba, nimepiga magoti kitandani kama nilivyofunzwa, na maneno hayakuja. Nimeondoka hapo bila hata kusema amina. Lakini kuna jambo moja. Nilitengeneza kifo, nikakifunga kwenye pamba, nikakituma kwenye nyumba aliyomo mtoto wangu, bila kuuliza ni nani atakayeketi juu yake. Ungekuwa huna kumbukumbu, au ungekuwa na haraka kidogo tu, ni wewe ungekuwa chini ya ile kona, ukiita, na hakuna mtu wa kupita. Kwa hilo naomba radhi. Hii si salamu. Naomba, mwanangu, na ukichukua muda mrefu kunijibu nitasubiri.

Nimeufunga mlango na ufunguo nimempa jirani mshonaji. Aliniuliza, "Mzee, unakwenda kumwona mtoto?" Nikasema ndiyo. "Utakaa sana?" Nikasema nadhani watanikaribisha. Akacheka, akaniambia nisisahau sweta. Nimevaa lile koti. Biti iko mfukoni, ndani ya leso, pamoja na barua ya marehemu.

Dereva wa lori anapita upande wa bonde kesho alfajiri na amenitengea nafasi mbele. Alitaka kuichukua hii barua mapema, nimemkatalia. Itafika mkononi mwako na mchukuaji wake, ambaye ni mimi. Nitakuomba uisome hadi mwisho nikiwa nimesimama mbele yako, kisha nitakwenda dirishani kwa mkuu wa kituo.

Baba yako